Hofu Iingiayo kwa Sikio

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Methali hii twaizoea sana katika mabaraza yetu, na mara nyingi twaitumia kuuhalalisha uvumi. Jambo likishasemwa na watu watatu wanne, basi tena, hapana haja ya ushahidi. Lakini methali hii ina upande wa pili ambao ni wachache waufikirio. Huenda wahenga hawakuwa wakituambia kwamba kila uvumi una ukweli ndani yake. Huenda walikuwa wakituonya kwamba neno, kwa kule kusemwa tu, kisha likasemwa tena na tena, laweza kulileta duniani jambo ambalo halikuwako.

Nalitanguliza hili kwa sababu nataka kuzungumza juu ya senema, na hasa zile picha za kutisha ambazo wazazi wengi wa pwani hawataki hata kusikia zikitajwa nyumbani mwao. Wengi wadhani kwamba picha ya kutisha ni lazima iwe na damu, mapanga, maiti aliyefufuka na msichana apigaye mayowe. Picha za namna hiyo ziko tele, wala sitazitetea. Mtu akisema ni upuuzi mtupu, mimi nitakuwa wa kwanza kumuunga mkono.

Lakini ziko nyingine, nazo ni chache, ambazo hazitishi kwa damu. Hizo zatisha kwa maneno. Mambo yake yote hutendeka katika chumba kimoja au nyumba moja iliyofungwa, na kinachomsisimua mwili mtazamaji ni sauti aisikiayo kuliko kitu akionacho. Rai yangu ni kwamba picha hizi zina funzo kubwa, na kwamba watu wa pwani, tuliolelewa kwa sikio, tuna kila sababu ya kulielewa funzo hilo upesi kuliko wengine.

MARADHI YA MANENO

Picha ninayoikusudia zaidi yaitwa Pontypool. Ilitolewa mwaka 2008 huko Kanada, na mwelekezi wake ni Bw. Bruce McDonald. Hadithi iliandikwa na Bw. Tony Burgess, aliyeitoa katika riwaya yake mwenyewe ya mwaka 1998. Pontypool ni kijiji cha kweli katika jimbo la Ontario.

Katika picha hii yuko mtangazaji mmoja aitwaye Grant Mazzy. Zamani alikuwa na jina kubwa, lakini kazi yake ya mwanzo imempotea, na sasa atangaza kipindi cha asubuhi katika kituo kidogo cha redio kilicho katika chumba cha chini ya kanisa. Nje ni theluji na giza. Ndani pamoja naye wamo wanawake wawili tu, Sydney ambaye ni mtayarishaji wa kipindi, na Laurel-Ann, msichana anayeshughulikia mitambo. Baada ya mwanzo mfupi barabarani, picha nzima yakaa katika jengo hilo.

Habari za nje zaletwa kwa simu na ripota wa hali ya barabara. Ripota huyu hujidai kwamba yuko angani ndani ya helikopta, kumbe amekaa ndani ya motokaa yake juu ya kilima na kupiga sauti ya helikopta kwa mashine. Huo ni uongo mdogo wa kuchekesha, na msikilizaji wa kijijini hadhuriki kwao. Lakini asubuhi hiyo ripota apiga simu akitetemeka. Asema ameona umati wa watu ukilizunguka jumba la daktari. Asema watu wale wanatamka maneno yasiyoeleweka. Asema wanaumana. Sisi watazamaji hatuoni lolote katika hayo. Twaona uso wa mtangazaji tu, na twasikia sauti ya mtu aliye mbali ambaye tumeshajua kwamba huwa asema uongo. Je, tumsadiki?

Polepole yabainika kwamba watu wa kijiji wameshikwa na maradhi, na maradhi yenyewe hayaambukizwi kwa damu wala kwa pumzi. Yaambukizwa kwa maneno. Si maneno yote, bali baadhi tu ya maneno ya Kiingereza, na hasa yale ya mahaba ambayo mume humwambia mkewe na mama humwambia mwanawe. Mtu alisikia neno, akalielewa, na pale pale lilipoeleweka likamkamata. Hatua ya kwanza ni kulirudia neno lile bila kukoma. Hatua ya pili ni kuvurugika kwa usemi wote, hata mtu asiweze kujieleza haja yake. Hatua ya tatu ni wazimu wa kuwarukia wenzake, akitaka kupenya kwa meno katika vinywa vyao.

Katikati ya kipindi onyo laingia hewani kwa lugha ya Kifaransa. Laurel-Ann alitafsiri, na Mazzy alisoma kwa Kiingereza mbele ya wasikilizaji wake wote. Onyo lawataka watu waepuke maneno ya mapenzi na waepuke lugha ya Kiingereza. Na mwisho kabisa lasema kwamba ujumbe huu usitafsiriwe. Wakati huo umeshatafsiriwa na umeshatangazwa. Hapo ndipo mtazamaji ashikapo kichwa, ijapokuwa hapana kitu kilichomrukia kutoka gizani.

Tukio linalotisha kuliko yote ni lile la Laurel-Ann mwenyewe. Neno moja tu, lenye maana ya mtu aliyepotea, lamkwama kinywani. Alisema mara moja, mara mbili, mara kumi. Kisha birika yapiga mbinja kwa kuchemka, naye aanza kuiiga sauti ile. Wenzake wamejifungia nyuma ya kioo cha studio wakimtazama, naye ajipigiza kwenye kioo kile kwa kuwa wao wana maneno na yeye yamemwisha. Huyu si zimwi. Ni msichana mpole aliyekuwa akiwatengenezea kazi yao nusu saa kabla yake.

Picha hii ina kasoro zake. Kuna daktari aingiaye studioni na kuanza kueleza kila kitu, na maelezo yale yaondoa nusu ya hofu iliyokuwa imejengwa kwa ustadi. Kuna pia tukio ambalo huenda likamkera msomaji Muislamu, pale kundi la wanakijiji lijapo limevaa mavazi ya Kiarabu kutangaza mchezo wao wa nyimbo juu ya Lawrence wa Arabuni. Wengine watataka kuizima picha hapo. Nawaomba wasubiri. Wanaochekwa pale ni wanakijiji wale, wanaovaa nguo na kutamka majina ya watu wasiowajua hata kidogo. Na ni katika kundi hilo hilo ambamo msichana mmoja aanza kukwama maneno. Kusema usichokijua ndio mlango wa maradhi.

SISI NI WATU WA SIKIO

Kwa nini nasema kwamba sisi twaweza kuyaelewa haya upesi? Tazama lugha yetu. Mtu akiwa hana raha moyoni twasema ana wasiwasi. Neno hilo tulilipata kwa Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono. Mwenye wasiwasi, kwa asili ya neno lenyewe, ni mtu anong'onezwaye. Lugha yetu basi imeiweka hofu katika sikio tangu zamani.

Sura ya mwisho ya msahafu ni miongoni mwa zile ambazo mtoto wa chuoni huhifadhi mwanzo mwanzo, kabla hajajua hata kufunga kilemba. Sura hiyo yatufundisha kujikinga kwa Mola na shari ya mnong'onezi, na yabainisha kwamba mnong'onezi huyo huwa katika majini na huwa katika wanadamu pia. Wengi wetu huisoma kwa ajili ya majini. Tukiingia mahali penye giza, au mtoto akistuka usingizini, sura hiyo na mwenzake ndizo zitujiazo mdomoni. Upande wa wanadamu twaupita upesi, kana kwamba umetajwa kwa bahati tu.

Isitoshe, wazee wetu walikuwa na adabu ya maneno ambayo vijana wa leo huicheka. Nyoka hakutajwa usiku kwa jina lake. Mzazi akiwa na hasira alizuiwa asimwapize mwanawe, kwani haijulikani ni saa gani neno litapokewa. Mtu akimsifu mtoto mchanga kwa uzuri wake bila kumtaja Mungu, bibi yake mtoto hukunja uso. Waweza kusema baadhi ya hayo ni itikadi tu zisizo na msingi katika dini, nami sitabishana nawe. Lakini chini yake palikuwa na elimu moja, kwamba neno ni tendo, na kwamba mtu ataulizwa juu ya ulimi wake kama atakavyoulizwa juu ya mkono wake.

Tena sisi tulikuwa watu wa redio kabla hatujawa watu wa televisheni. Tangu enzi za Sauti ya Mvita, watu walizunguka redio moja barazani, mmoja akasikiliza na kumi wakahadithiwa. Hata kwenda senema, katika siku za Regal na Naaz pale Mombasa, wengi walikwenda kutazama picha za Kihindi ambazo hawakuijua lugha yake, wakarudi na nyimbo zake vinywani. Tunajua basi jinsi sauti inavyoweza kumwingia mtu hata kabla ya maana yake.

NYUMBA NA UPEPO

Akitokea mtu akasema kwamba mambo ya Kanada hayamhusu, nitampeleka Tehran. Mwaka 2016 ilitoka picha iitwayo Under the Shadow, ya mwelekezi Babak Anvari, Muirani aishiye Uingereza. Yasemwa kwa Kiajemi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mambo yake yatendeka mwaka 1988, katika miezi ya mwisho ya vita vya Irani na Iraki, wakati makombora yalipokuwa yakianguka juu ya mji wa Tehran.

Mama mmoja, Shideh, amenyimwa ruhusa ya kurudi kusomea udaktari kwa sababu ya siasa zake za ujana. Mumewe ambaye ni daktari amepelekwa vitani. Yeye amebaki katika nyumba ya ghorofa pamoja na binti yake mdogo, Dorsa. Siku moja kombora lapenya dari ya ghorofa ya juu na halilipuki. Baada ya hapo, jirani mmoja baada ya mwingine ahama, na mtoto aanza kusema habari za majini. Nani aliyemwambia? Mtoto mwingine wa jirani, yatima, ambaye watu wazima wamwona kuwa ni bubu. Ni mnong'ono tu wa mtoto kwa mtoto, lakini nyumba nzima haitulii tena.

Jirani mmoja amweleza Shideh kwamba majini husafiri na upepo. Mswahili akisikia hivyo hahitaji mkalimani. Pepo na upepo katika lugha yetu ni shina moja. Na katika mwambao wa kusini wa Irani kuna watu wenye ngoma za mapepo zifananazo na zetu, nao huyaita mapepo hayo kwa neno lao la upepo. Bahari ni moja, na majahazi yalibeba mengi zaidi ya tende na boriti.

Lakini kinachomuumiza Shideh hasa si jini mwenye sura ya kutisha. Ni lile neno kwamba yeye ni mama asiyefaa. Neno hilo lamfuata. Alisikia katika magomvi na mumewe, kisha alisikia katika simu kwa sauti ifananayo na ya mumewe huyo, na mwisho wake alisikia hata pale pasipo na mtu. Nje kuna makombora, nayo ni ya kweli. Ndani kuna neno, nalo lina nguvu ya kumfanya mwanamke msomi, mwenye moyo wa simba, ashuku mikono yake mwenyewe. Ndiyo sababu hadithi ya namna hii yahitaji nyumba iliyofungwa. Katika uwanja mpana neno hutawanyika na upepo. Katika chumba kidogo lagonga ukuta na kurudi kwa mwenyewe.

SI MCHEZO TU

Msomaji aweza kusema kwamba haya yote ni mawazo ya waandishi, na kwamba duniani neno haliui. Basi tuondoke katika senema twende katika historia.

Oktoba 30, 1938, Bw. Orson Welles na kundi lake walitangaza katika redio ya CBS huko Marekani mchezo juu ya viumbe kutoka sayari nyingine, wakauandaa kama taarifa ya habari. Wako waliosadiki na kuogopa, ijapokuwa wataalamu wa baadaye wameonyesha kwamba magazeti yaliitia chumvi sana habari ya fadhaa ile. Kule Quito, mji mkuu wa Ekwado, hapakuwa na haja ya chumvi. Februari 1949 redio moja ya mji huo iliuiga mchezo ule ule. Watu walitoka mbio barabarani usiku. Walipoambiwa kwamba ulikuwa mchezo tu, hofu iligeuka hasira, wakalichoma moto jumba lililokuwa na redio hiyo pamoja na gazeti la El Comercio, na watu kadhaa walikufa. Hapana kiumbe hata mmoja aliyeshuka kutoka mbinguni Quito. Yalishuka maneno.

Na tukija karibu zaidi, nani asiyeijua habari ya Rwanda? Redio iitwayo RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993. Ilikuwa na muziki mzuri na watangazaji wachangamfu, na ikawazoeza watu kuwaita majirani zao Watutsi kwa neno lenye maana ya mende. Neno hilo lilirudiwa asubuhi na jioni mpaka likawa halistui tena sikio. Mwaka 1994, kati ya Aprili na Julai, malaki ya watu waliuawa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio ile. Waliohukumiwa hawakushika panga. Walishika neno.

Nasi wa pwani tusijifanye watazamaji. Agosti 1997, huko Likoni na sehemu nyingine za kusini mwa Mombasa, zaidi ya watu mia moja waliuawa na maelfu wakayakimbia makao yao. Kabla na wakati wa machafuko yale vilienezwa vipeperushi vya kuwataka watu wa bara waondoke. Sichelei kusema kwamba malalamiko ya pwani juu ya ardhi na kazi yalikuwa na msingi, na mengi yangaliko hata leo. Lakini malalamiko ni jambo moja, na neno lililorudiwa mpaka likapoteza maana ni jambo jingine. Neno mbara lilikuwa na maana nyepesi tu, mtu aliyetoka bara. Lilipokwisha kurudiwa katika vikao na katika karatasi zile, halikuwa tena na maana hiyo. Halikumtaja tena fundi aliyekutengenezea mlango, wala mama aliyeuza mboga mbele ya nyumba yako miaka kumi. Lilikuwa sauti tu, kama ile mbinja ya birika kinywani mwa Laurel-Ann.

Na mnyonge hujua uzito wa neno likimwangukia yeye. Baada ya mashambulio ya Westgate mwaka 2013, neno gaidi lilitoka katika vinywa vya watu na kuwaganda wasiohusika. Aprili 2014, katika msako wa Eastleigh jijini Nairobi, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Ni kijana gani wa Majengo au Kisauni, mwenye kanzu na ndevu, ambaye hakuwahi kutazamwa kwa jicho la neno hilo ndani ya matatu? Yule atazamaye hakumjua kijana yule. Alilijua neno tu. Basi ikiwa twalilia haki kwa neno gaidi, na haki ni yetu, yatupasa tulione pia neno mbara linapotoka katika vinywa vyetu wenyewe.

DAWA YA MZEE MAZZY

Katika Pontypool kuna dawa, nayo ndiyo iliyonifanya niione picha hii kuwa bora kuliko nyingi za jamii yake. Sydney naye ashikwa na maradhi, na neno linalomkwama ni lile la kuua. Alirudia, na macho yameanza kumbadilika. Mazzy hana sindano wala kidonge. Alilonalo ni ulimi wake wa utangazaji. Ashika uso wa mwenzake na kumlazimisha alipe neno lile maana nyingine. Amwambia kwamba kuua ni busu. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yaanza kwa sauti moja, na Sydney alishika lile la pili kama mtu aliyetupiwa kamba majini. Neno lanyang'anywa maana yake ya sumu, na mtu arudi.

Wengine wameicheka dawa hii kuwa ya kitoto. Mimi naona ndiyo hekima ya picha yote. Mtu aliyeshikwa na neno haponywi kwa kupigwa. Haponywi kwa kunyamazishwa pia, kwani neno humzunguka kichwani hata akifungwa mdomo. Aponywa kwa kurudishiwa maana. Anayesema mbara aulizwe, yupi? Jina lake nani? Anakaa nyumba ya ngapi? Hapo hapo neno latoka katika sauti na kurudi katika mtu, na mtu huyo katika dini yetu ana jina jingine tukufu, naye ni jirani. Haki ya jirani haikuwekewa sharti la kabila. Na anayesema gaidi, naye aulizwe maswali hayo hayo.

Dini yetu imetutangulia katika jambo hili. Katika Sura ya Hujurati Waislamu waamrishwa kuichunguza habari iletwayo na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga na baadaye wakajuta. Katika sura hiyo hiyo wakatazwa kuitana kwa majina mabaya. Mambo hayo mawili yamewekwa katika sura moja, kwani ni maradhi mamoja, habari isiyochunguzwa na jina baya. Moja hulileta la pili.

Kwa hivyo nawaambia wazazi wenzangu, msipige marufuku kila kitu kwa jina lake tu. Mtoto wa siku hizi ana simu mkononi, na akitaka picha ya damu ataipata kabla chai haijapoa. Afadhali mzazi akae naye, watazame pamoja picha kama hizi mbili nilizozitaja, baada ya mzazi kuitazama kwanza na kuona kwamba yamfaa kwa umri wake, kisha wazungumze. Amuulize, kwa nini msichana yule alikwama? Nani aliyemwambia Dorsa habari za majini, na kwa nini watu wazima hawakumsikiliza mtoto? Mazungumzo hayo yatamfaa kuliko makofi.

Na kwa vijana wetu wanaopenda kutengeneza picha, nina neno pia. Mara nyingi husema hawana fedha. Pontypool yahitaji chumba, kioo, maikrofoni na watu wanne watano wajuao kusema. Hata mchezo wa redio ulitengenezwa kwa hadithi ile ile. Nyumba za zamani za Lamu na Mombasa zina vyumba vya ndani visivyofikiwa na jua, na Kiswahili kina maneno mengi kuliko wahitajiavyo. Waache kuigiza wazimu wenye nyuso za unga. Watuletee picha moja juu ya nyumba iliyoingiwa na uvumi, na ukoo uliovunjika kwa neno moja lililotoka arusini likarudi matangani. Hapana mtu wa pwani atakayehitaji kuelezwa kwa nini picha hiyo yatisha.

Uchaguzi huja na kupita katika nchi hii, na kila ujapo maneno hupata mbawa. Siku hizi hayangoji kipeperushi wala mtangazaji. Yaja kwa simu usiku, yakiwa na sauti ya mtu usiyemjua asemaye kwamba amekwisha kuona kwa macho yake, kama ripota yule wa helikopta aliyekaa juu ya kilima. Ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, kabla hujaupeleka kwa mwenzako, jiulize nani aliyesema, na neno alilowaitia watu lina maana gani. Usipopata jibu, uuzime hapo hapo, na usome ile sura ya mwisho ya msahafu kwa nia ya sehemu zake zote mbili.